Kosa la Saa Saba Kasorobo

Barua ya kwanza ya onyo niliipiga chapa mimi mwenyewe. Ya pili pia. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba hasira nitakayoieleza ni ya mtu aliyekuwa amesimama pembeni akitazama. Vidole vilivyoandika vilikuwa vyangu.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, katika hoteli moja ya Diani, wakati wageni walikuwa wamepungua hata tukawa tunawajua wote kwa nyuso na kwa vyakula wanavyopenda. Mimi nilikuwa karani wa kupokea maombi ya vyumba. Nilikuwa nimesomea kompyuta Mombasa kwa miezi sita, kwa hiyo nilipewa na kazi ya kumpigia chapa meneja barua zake, na kazi ya tatu ambayo hakuna aliyeitaka: kuitunza ile imeli, kama tulivyoiita kabla hatujazoea kusema barua pepe.

Kwa vijana ambao hawakuyaona mambo hayo, nieleze taratibu, si magumu. Siku hizo barua pepe ilisafiri kwa waya wa simu, ule ule wa kuzungumzia. Juu ya kompyuta yangu kulikuwa na kisanduku cheusi, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, chenye vitaa vyekundu mbele. Hiyo ndiyo modemu. Ukikiamuru, kilipiga simu Mombasa kama mtu, kikalia na kukwaruza kwa muda, kisha barua zikaanza kuingia moja moja, polepole, kama maji ya bomba la kiangazi. Nilikiwasha asubuhi nilipofika na kukizima jioni nilipoondoka. Barua zenyewe nilizivuta saa sita mchana, kwa sababu wakati huo mawakala wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuamka na kutuandikia. Kuzivuta zote kulichukua karibu saa nzima, na zikikatika katikati, unaanza upya.

Nazo zilikuwa zikikatika. Karibu kila siku, saa saba kasorobo, au dakika mbili tatu huku na huku, skrini ilinitolea kijidirisha cha kijivu. Kilisema kwa Kiingereza kwamba mawasiliano na seva yamekatika, kisha kikanipa sababu tatu zinazowezekana: huenda seva ina hitilafu, huenda mtandao una matatizo, au huenda nimekaa muda mrefu bila kufanya kitu. Chini yake kulikuwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Hapakuwa na kitufe cha kubisha. Nimefundisha watu wengi kompyuta tangu siku hizo, na huwaambia wasiogope ujumbe wa kosa, wausome kwa utulivu, kwa maana mara nyingi unasema jambo la maana. Ule haukusema kitu. Mtu anayekupa sababu tatu kwa pamoja hajui hata moja.

Niliwapigia simu waliotuuzia huduma. Wakaniambia nizime niwashe. Nikazima nikawasha. Wakaniambia niifute programu yote niiweke upya, nikafanya hivyo Jumamosi nzima, na Jumatatu saa saba kasorobo kijidirisha kikaja kunisalimu. Wakaniambia basi, laini yenu ni mbovu.

Nikamwita fundi wa umeme wa hoteli, mtu wa Msambweni, mpole na mchekeshaji, aliyekuwa akiniita mwalimu kwa sababu siwezi kuona kitu bila kukieleza. Alipanda nguzo, akakagua waya mpaka barabarani, akashuka akijipangusa.

"Kima," akasema. "Wanauchezea waya kama bembea."

"Kila siku saa saba kasorobo?"

Akafikiri. "Mwalimu, hapo umenishinda. Sijamjua kima mwenye saa."

Meneja hakuhitaji kima. Alikuwa na jibu lake tayari.

Waya wa modemu ulipita kwenye ubao wa simu wa hoteli, ule wa kuunganishia laini zote, uliokuwa nyuma ya mapokezi. Aliyekaa kwenye ubao huo alikuwa mama mmoja wa Tiwi, opereta wa simu kwa miaka kumi na moja. Kwa umri angeweza kuwa mama yangu, lakini alitaka nimwite dada. Hakumpitisha mtu laini bila kumsalimu na kumuuliza hali, hata kama mtu mwenyewe yuko Ulaya na simu inamla. Alikuwa akimlea mama yake mzazi na mabinti wawili waliokuwa shuleni, na mshahara wa nyumba ile ulikuwa mmoja, wake. Kila siku saa sita na nusu alimwomba mtu wa mapokezi amshikie ubao, akachukua kanga yake, akaenda kuswali dhuhuri katika stoo ya mashuka. Robo saa, akarudi.

Meneja alisimama siku tatu mfululizo mlangoni pangu na saa yake mkononi.

"Unaona mwenyewe," akaniambia. "Mama wa simu anatoka, barua zinakatika. Anatoka, zinakatika. Anazima laini zote asisumbuliwe akiwa huko stoo. Hata hesabu ya darasa la tatu haihitajiki hapa."

"Lakini bwana, simu nyingine huwa zinaendelea kulia."

"Wewe ni mtu wa bara kama mimi," akasema kwa sauti ya kunihurumia. "Hawa hujawajua."

Wazazi wangu walitoka bara, wakapewa na serikali shamba la makazi kule Shimba nikiwa mdogo. Nilijifunza kusoma nikiwa nimeketi dawati moja na watoto wa Kidigo. Sikujua ni akina nani hao ambao sijawajua. Ningalimwambia hivyo. Sikumwambia.

Opereta akaitwa ofisini. Mimi nilikuwa pale pale na daftari la kuandika.

"Ukienda kuswali unazima laini?"

"Sizimi, bwana."

"Apa."

"Siapi kwa ajili ya simu," akasema, bila kupandisha sauti. "Nimekwambia sizimi."

Kwa meneja, asiyeapa amekiri. Nikapiga chapa barua ya kwanza, yenye maneno "kuingilia kwa makusudi mawasiliano ya hoteli." Kila mfanyakazi alijua utaratibu: barua ya tatu ndiyo ya kwenda nyumbani. Nilipompelekea aisaini kwamba ameipokea, alivaa miwani, akaisoma neno kwa neno, akatia sahihi.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Hakuna kosa hata moja." Sikujua kama ni sifa au ni kofi.

Basi nikaamua kumsaidia. Nikanunua daftari dogo, na kwa wiki tatu nikaandika kila siku: saa ya kukatika, mvua au jua, nani yuko kwenye ubao. Hivyo ndivyo kosa linavyotafutwa, nawaambia wanafunzi wangu mpaka leo. Usibahatishe. Andika, kisha tazama karatasi ikwambie. Na karatasi ikaniambia jambo. Katika wiki ya pili, kwa siku sita mfululizo, opereta hakuinuka kitini saa sita na nusu. Alikula chakula chake pale pale kwenye ubao, mbele ya macho ya watu wa mapokezi. Na siku zote hizo barua zilikatika vilevile. Nikalikimbiza daftari kwa meneja kama mtoto aliyeshinda mtihani.

Alilifunua ukurasa kwa ukurasa. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Kwa nini siku hizo hakwenda kuswali?"

"Sijui, bwana. Labda kazi ilikuwa nyingi."

"Wageni hawa ishirini ndio kazi nyingi? Mtu huswali au haswali. Siku sita anakaa hapo, ana nini? Muite anieleze."

Akaja. Akaonyeshwa daftari langu, mwandiko wangu, tarehe moja baada ya nyingine.

"Siku hizi hukutoka. Ulikuwa unafanya nini kwenye ubao?"

"Kazi yangu."

"Kwa nini hukwenda kuswali?"

Hakujibu.

"Nakuuliza tena."

Alinitazama mimi, mara moja tu, kisha akatazama meza. Nilidhani anatafuta jibu. Kumbe alikuwa nalo na alikuwa akilizuia. Meneja akanigeukia akaniambia niandike barua ya pili, na hii iongezwe kwamba mfanyakazi alipoulizwa alikataa kueleza mwenendo wake.

Niliipiga chapa. Nilipokwisha nilimfuata jikoni, ambako wafanyakazi walikuwa wakinywa chai. Alikuwa amekaa peke yake na kikombe na hamri ambalo hakuligusa.

"Dada, kwa nini hukumwambia tu? Nimekuletea ushahidi mkononi, wewe ukanyamaza."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi wa mwisho darasani.

"Mdogo wangu, wewe si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Kuna siku katika mwezi mimi siswali. Hakuna mwanamke wa Kiislamu anayeswali siku hizo. Nyumbani kwangu hata baba yangu, Mungu amrehemu, hakupata kujua ni zipi. Mwezi wa Ramadhani mabinti zangu wakiwa katika siku zao hula wamejifungia chumbani, mtu asiwaone wakitafuna. Na wewe umeziandika zangu kwenye daftari, ukampelekea mwanamume mezani."

Nilitaka kusema sikujua, na ni kweli sikujua, lakini neno hilo lilikuwa jepesi mno kulitoa mbele yake.

"Basi mimi nitamweleza," nikasema. "Nitamweleza kwa adabu."

"Utamweleza nini? Kwamba mama wa simu wiki ile alikuwa na hedhi? Halafu aniambie samahani, na akuambie wewe uandike, na iingie kwenye faili langu ikae na barua hizi, asome kila atakayekuja kuwa meneja hapa?" Alisukuma kikombe. "Bora anifukuze. Nikifukuzwa nitarudi Tiwi na heshima yangu."

Hapo ndipo nilipoijua hasira. Nilimkasirikia meneja aliyetaka mtu amtolee siri za mwili wake ili aaminiwe juu ya waya wa simu. Nilimkasirikia yule aliyekaa mahali fulani akaandika ujumbe ule wa kosa bila kufikiri kwamba kuna mtu utakayemwangukia. Kuandika neno moja la kweli juu ya kilichoharibika kungalimgharimu nini? Lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe na daftari langu safi. Nikaapa, mimi ambaye kuapa hakunikeri, kwamba nitaipata sababu, na iwe sababu inayoweza kusemwa mbele ya kila mtu.

Nililisoma daftari upya, safari hii bila kutafuta mtu. Nilitafuta siku ambazo barua hazikukatika. Zilikuwa tatu tu. Moja ilikuwa siku ya mvua kubwa, baridi tangu alfajiri. Ya pili wakala mmoja alikuwa ametutembelea, na meneja akamweka ofisini kwangu mchana kutwa. Ya tatu ilikuwa Jumatano ya kawaida, jua kali, opereta alikwenda kuswali kama desturi, na barua zote ziliingia mpaka ya mwisho.

Siku ya wakala niliielewa kwanza. Meneja alikuwa na amri kwamba kiyoyozi cha ofisi kizimwe saa sita na nusu, watu wakienda kula, kiwashwe saa nane. Siku ile, kwa ajili ya mgeni, hakikuzimwa. Mvua, baridi, kiyoyozi. Basi ni joto. Lakini Jumatano? Nilikaa nikiikumbuka Jumatano ile kitu kwa kitu, nguo niliyovaa, chakula nilichokula, mpaka nikakumbuka kwamba Jumanne jioni nilikuwa nimepeleka kitambaa nyumbani kukifua.

Hapa sharti nieleze. Kwetu sisi watu wa mashamba ya makazi, kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina chake, viti navyo vina vyao. Mama yangu alifuma vitambaa hivyo kwa sindano ya kroshia, akavitia wanga vikasimama kama petali. Siku nilipopata kazi ya hoteli alinifumia kimoja cheupe, chenye maua pembeni, na akaniambia nikifunikie hiyo mashine yako wasije wakakuona huna adabu. Kompyuta ilikuwa kubwa mno. Kiliitosha modemu barabara, kana kwamba kilipimwa. Kila asubuhi nilikitandaza juu yake kwa mikono miwili. Kila mtu aliyeingia alikisifu, meneja akiwa wa kwanza.

Saa saba kasorobo ya siku iliyofuata, kijidirisha kilipokuja, sikubonyeza kitufe. Niliingiza mkono chini ya kitambaa. Kisanduku kilikuwa cha moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Matundu yote ya kupumulia, juu na kando, yalikuwa yamezibwa na wanga wa mama yangu. Alimradi kiyoyozi kilikuwa kikivuma, modemu iliweza kuvumilia. Kiyoyozi kikizimwa, robo saa tu, modemu inazidiwa, inakata.

Nilimwita fundi. Tukafanya majaribio siku sita, moja na kitambaa, moja bila. Na kitambaa, ikakatika. Bila kitambaa, haikukatika, kiyoyozi kikiwa kimezimwa na jua likichoma.

"Kumbe kima mwenye saa ni wewe, mwalimu," fundi akasema. Kisha akaona uso wangu, akaanza kukusanya vifaa vyake.

Nilikwenda kwa meneja siku ile ile. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba mtu aliyepoteza barua za wageni kwa miezi kadhaa, akiwa yeye ndiye aliyesomea mashine hiyo, hana la kujitetea. Nilimweleza hatua kwa hatua, daftari mbele yake, kurasa za zile siku sita nikiwa nimezibana kwa kibanio asizifungue tena. Nikamwambia: kosa ni langu, nilikifunika mimi, kila siku, kwa mkono wangu.

Akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kitambaa," akasema. "Mke wangu naye hunifunikia televisheni hivyo hivyo, nikitaka taarifa ya habari lazima nifunue kama bibi harusi. Haya, kitoe. Tumejifunza."

Nikasubiri. Aliendelea na karatasi zake.

"Na barua yangu ya onyo, bwana?"

"Barua gani? Ni bahati mbaya tu. Hukukusudia."

"Mama wa simu alipewa mbili."

"Hayo yamepita. Mwambie aendelee na kazi, hakuna wa kumfukuza."

Kosa lilikuwa lile lile. Likiwa lake lilikuwa la makusudi, likiitisha kiapo na kuulizwa kuhusu sala zake. Lilipokuwa langu likawa kichekesho cha televisheni. Nilirudi mezani kwangu nikapiga chapa karatasi mbili. Ya kwanza ilisema barua mbili za onyo alizopewa opereta zimefutwa. Ya pili ilikuwa barua ya onyo kwangu mimi, kwa maneno yale yale aliyonisomea ya mwenzangu, kuingilia kwa makusudi mawasiliano ya hoteli, jina tu nimebadilisha. Nikaziweka mbele yake pamoja.

"Hii ya pili ni ya nini?"

"Chagua moja, bwana. Kama zile mbili zinabaki kwenye faili, na hii ibaki kwenye langu."

"Unanitisha?"

"Hapana, bwana. Nakuletea za kutia sahihi, kama siku zote."

Nikadhani sasa nimejipeleka nyumbani mwenyewe. Kisha akavuta ile ya kwanza, akatia sahihi bila kuisoma, akaichana ya pili.

Nilitoka karibu nikikimbia mpaka kwenye ubao wa simu. Opereta alikuwa akimpitishia mgeni laini. Nilisubiri amalize salamu zake zote. Akavaa miwani, akaisoma karatasi kama alivyozisoma zile nyingine, neno kwa neno.

"Imesema zimefutwa," akasema.

"Ndiyo, dada. Zimekwisha."

"Mtu hufutiwa kitu alichokifanya. Mimi niliulizwa unazima laini, nikasema sizimi. Ni wapi hapa pameandikwa kwamba nilisema kweli?"

Nikaisoma tena, ingawa niliiandika mimi. Hapakuwa popote.

"Pana nafasi hapo chini, juu ya sahihi," akasema, akinirudishia. "Mstari mmoja unatosha. Na kitambaa usiseme ni cha mama yako, ya nini kumwingiza mama wa watu katika mafaili. Sema sababu ilikuwa joto."

Nikarudi nikaiandika upya: kwamba imethibitika mawasiliano yalikatika kwa sababu ya joto la mashine, kwamba opereta hakuzima laini wakati wowote, na kwamba alipoulizwa alisema kweli. Ikawa mistari mitatu. Meneja alikuwa amekwisha kushika funguo za gari.

"Nini tena?"

"Ile ilikuwa pungufu, bwana."

Safari hii aliisoma yote, mpaka chini. Alipofika mistari ile alisimama.

"Huyu mama anajua kwamba mimi ndiye meneja hapa?"

"Anajua, bwana. Anasubiri pale mapokezi."

Kupitia mlango ulio wazi alimwona, amesimama wima kando ya ubao wake, hasogei, hatabasamu. Meneja akaweka funguo mezani, akatafuta kalamu, akatia sahihi. Nikatoa nakala, nikaiweka kwenye faili juu ya zile mbili. Karatasi yenyewe opereta aliikunja mara nne, akaitia katika mkoba wake, akaketi, akapokea simu iliyokuwa ikilia.